Niliacha dawa, sukuma ikaungua: kilimo hai kina faida gani?

Bwana Shamba,

Hujambo, na pole kwa kazi. Naishi Ruai, pembezoni mwa Nairobi, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100. Nyumba imekula nusu, na nusu iliyobaki nina matuta 12 ya sukuma wiki, manne ya spinachi na dania pembezoni. Nauzia majirani na akina mama wawili wenye vibanda. Kwa miaka mitatu nimetumia mbolea za viwandani, DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia, na dawa ya wadudu kila Jumamosi. Miezi miwili iliyopita mteja wangu mwenye mtoto anayeanza kula aliniuliza mboga ilipuliziwa lini. Ilikuwa siku mbili tu. Nikaamua kuacha kila kitu na kulima kwa njia ya organiki, yaani kilimo hai.

Nilimwaga mbolea ya kuku wa nyama niliyopewa na jirani, mbichi, ndoo nne kila tuta. Baada ya wiki moja kingo za majani zilikauka kama zimepitiwa na moto, kisha majani ya chini yakawa manjano. Halafu wakaja vidukari wa kijivu, wamejazana chini ya majani na katikati kwenye kilele. Nikawapulizia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na pilipili. Walipungua siku mbili, lakini majani nayo yakapata mabaka. Sasa navuna nusu ya nilichozoea, na wateja wanapekua mashada wakitafuta majani yasiyo na matundu. Baba Shiro anasema nirudie dawa kabla hatujakosa karo. Wifi yangu anasema organiki ni mambo ya watu wa mitaa ya kitajiri kama Karen na Runda.

Kuna pia jirani anayenyunyizia maji ya mkondo wa majitaka. Mboga yake imenawiri kweli, na anaiuza kama organiki kwa kuwa haweki mbolea wala dawa.

Naomba unieleze: faida ya kilimo hiki ni ya kweli ama ni jina tu? Nilikosea wapi? Na naweza kuandika "organiki" kwenye kibao changu?

Mama Shiro, Ruai

*

Mama Shiro,

Swali la yule mama mwenye mtoto ndilo la kuanza nalo. Kila chupa ya dawa iliyosajiliwa huandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna: nyingine 3, nyingine 7, nyingine 14. Mwenye kabichi hana shida sana hapo, kwa maana anapuliza, anasubiri, anakata mara moja. Sukuma wiki huchumwa kila wiki, na wewe ulikuwa ukipuliza kila wiki. Ukitumia dawa ya siku 14 kwenye mboga inayochumwa kila baada ya siku 7, ukifuata kibandiko huwezi kuvuna, na ukivuna umekiuka kibandiko. Spinachi, managu na terere ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mboga za majani za kuchuma kidogo kidogo ndizo ningetaka zitolewe kwenye dawa kabla ya zao lingine lolote, na hilo linamhusu mtu wa Kayole na Githurai, anayekula sukuma karibu kila jioni, kuliko anavyohusika mtu wa Runda.

Kuhusu vitamini, usimwahidi mteja makubwa. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya tafiti nyingi zilizolinganisha vyakula vya kilimo hai na vya kawaida. Hawakupata ushahidi wa nguvu kwamba vya kilimo hai vina vitamini zaidi. Walichokiona ni kwamba havina mabaki mengi ya viuatilifu. Mwaka 2014 uchambuzi mwingine, uliochapishwa katika jarida la British Journal of Nutrition, ulikuta mazao ya kilimo hai yana viambata zaidi vya kinga ya mimea, vile vinavyozuia oksidisho mwilini, na kadimiamu kidogo kuliko ya kawaida. Kadimiamu ni metali nzito yenye sumu. Basi zungumza na wateja juu ya mabaki ya dawa, na juu ya uchache wa saa kati ya tuta lako na sufuria yao, maana jani lililolala njiani na kwenye kibanda siku mbili hupoteza sehemu ya vitamini C yake, liwe la organiki au lisiwe. Ukisema mboga yako inatibu kisukari au presha utakuwa umewadanganya.

Kisha kuna wewe mwenyewe, uliyekuwa ukibeba pampu mgongoni kila Jumamosi. Anayechanganya dawa bila glavu hupokea dozi kubwa kuliko mlaji yeyote.

Sasa makosa. Kuacha dawa na mbolea siku moja kwenye udongo ambao miaka mitatu haukulishwa chochote isipokuwa DAP na CAN ni kumwachisha mtu chakula kisha kumwambia abebe gunia. Udongo huo mweusi wa Ruai, unaopasuka kiangazi hadi unaingiza mkono na kunata kwenye gambuti mvua ikinyesha, una chakula kingi ndani lakini hauna hewa. Mizizi inakosa pumzi, maji yanatuama. Kinachoufungua ni mboji, yaani mbolea ya mimea na kinyesi vilivyooza vizuri, na mboji haifanyi kazi kwa wiki moja.

Mbolea mbichi ya kuku ndiyo iliyounguza kingo za majani. Kinyesi cha kuku kina naitrojeni kali inayogeuka haraka kuwa amonia, pamoja na chumvi nyingi. Vyote viwili hukausha mizizi midogo, na dalili ya kwanza huonekana kwenye ncha na kingo za jani. Ndoo nne kwa tuta moja zingeunguza hata nyasi. Halafu mbolea ya kuku wa nyama huja na maranda ya mbao waliyotandikiwa. Vijidudu vya udongo vinapoyavunja maranda hayo huazima naitrojeni kutoka kwenye udongo, mmea ukabaki na njaa, na huenda ndiyo sababu ya umanjano wa majani ya chini.

Kabla ya kulikubali hilo, toka nje ukaangalie jani kwa karibu. Likiwa la chini, limepauka lote sawasawa, na majani machanga ya juu bado ni kijani, hiyo ni njaa ya naitrojeni. Ikiwa ni majani machanga yaliyopauka huku mishipa yake imebaki kijani kama michoro ya kalamu, shida ni madini ya chuma yaliyofungwa na udongo wenye magadi mengi au uliojaa maji, na mbolea zaidi haitasaidia. Hapo inua matuta hadi sentimita 30 na usimwage majivu.

Kuna jambo zito zaidi kuliko jani kuungua. Kinyesi kibichi hubeba vijidudu vya kuhara, na mvua ikipiga tuta tope hurukia majani. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai zipite siku 120 kati ya kuweka kinyesi kibichi na kuvuna zao ambalo sehemu yake inayoliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa lile ambalo haigusi. Kwa sukuma inayochumwa kila wiki, maana yake ni moja: kinyesi kibichi kisiingie kabisa kwenye tuta lenye mboga. Hadi uyang'oe mazao yaliyopo, waambie wateja waioshe kwa maji safi yanayotiririka na waipike, na dania ya matuta yale usiiuze ya kuliwa mbichi.

Hiyo mbolea iliyobaki isitupwe. Ni malighafi nzuri ya mboji, na mboji ndiyo nataka uipe nguvu zako zote mwezi huu.

Chagua kona yenye kivuli. Tandika vijiti vikavu chini ili hewa ipite, kwenye mraba wa mita 1.2 hadi 1.5 kila upande. Rundo dogo kuliko hapo halishiki joto. Weka tabaka la vitu vikavu la sentimita 20: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, nyasi kavu. Juu yake sentimita 10 za vitu vibichi: magugu yasiyo na mbegu, maganda ya jikoni, majani ya alizeti mwitu, ile yenye maua ya manjano inayoota kando ya barabara upande wa Kiambu na Thika. Halafu sentimita 5 za mbolea ya kuku pamoja na maranda yake, na kifuniko chembamba cha udongo. Nyunyiza maji kwa kila tabaka, si mwishoni tu. Rudia hadi ufikie kimo cha mita 1.2 au zaidi, kisha funika kwa nyasi au magunia. Taka za sokoni zichambue kwanza, kwa sababu vipande vya karatasi za plastiki vikiingia hutavitoa tena.

Chomeka kijiti kirefu hadi katikati ya rundo na ukiache humo. Siku ya nne kichomoe ukishike. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya ukibadilishe mkono, na kina unyevu, rundo linapika vizuri. Kikitoka na moto lakini kikavu chenye unga mweupe, rundo lina kiu. Kikitoka baridi chenye harufu ya yai viza, maji yamezidi na hewa imekosekana: ligeuze uongeze vitu vikavu. Kipimo cha unyevu ni kufumbata konzi moja na kuikamua. Matone mawili matatu yakichungulia kati ya vidole, sawa. Yakichuruzika, umezidisha.

Geuza wiki ya tatu na wiki ya sita, ukihakikisha kilichokuwa nje kinaingia katikati. Hilo halirukwi, kwa kuwa joto la nyuzi 55 na zaidi, linaloua vijidudu na mbegu za magugu, hupatikana ndani tu, na sehemu ambayo haijapita humo bado ni kinyesi kibichi. Baada ya miezi mitatu hivi (Juni na Julai huchukua muda zaidi kwa baridi) itakuwa nyeusi, inayomeng'enyeka, yenye harufu ya ardhi baada ya mvua. Kwa tuta la mita 1 kwa mita 5 weka madebe matatu mara ya kwanza, uchanganye na udongo wa juu wa sentimita 15. Misimu inayofuata debe moja na nusu linatosha. Panda mistari miwili, mche hadi mche sentimita 45. Ukibananisha unawajengea vidukari nyumba.

Hadi mboji iive, lishia chai ya mimea. Kata kilo 5 za majani mabichi ya alizeti mwitu, loweka kwenye ndoo ya lita 20, funika, koroga kila siku kwa wiki mbili. Itanuka, vumilia. Chuja, changanya kiasi kimoja cha chai na viwili vya maji, umwagie kwenye shina la mmea, kamwe si juu ya majani, mara moja kila wiki.

Vidukari wa kijivu unaowaona huvaa unga wa nta. Majike huzaa bila dume, na wanazaa watoto hai, ndiyo maana leo unaona kumi na wiki ijayo mia. Naitrojeni nyingi ya ghafla hufanya majani yawe laini yenye utomvu mtamu, kwa hivyo ile mbolea ya kuku huenda imewakaribisha pia. Anza kwa kung'oa majani yaliyojaa kabisa na kuyazika ndani ya rundo la mboji lililo moto. Asubuhi piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, siku tatu mfululizo. Wengi wakidondoka hawapandi tena.

Waliobaki ndio wa sabuni, na hapa ndipo wakulima wengi huunguza mboga. Sabuni ya maji ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na jani lina nta yake ya kujikinga, hivyo inaikata pia. Tumia sabuni ya kipande ya kufulia isiyo na blichi: gramu 10 kwa lita moja ya maji, yaani robo ya mche wa gramu 800 kwa pampu ya lita 20. Ikwangue, iyeyushe kwa maji moto, ipoe. Jaribu kwanza mimea mitano, subiri siku mbili. Isipodhuru, puliza jioni jua likiwa limeshuka, chini ya majani na ndani ya kilele, kisha asubuhi suuza kwa maji. Rudia baada ya siku tano. Sabuni huua mdudu iliyemgusa tu, na ikishakauka haina kazi.

Jambo moja la kwenu Ruai: angalia maji. Maji mengi ya visima vya kuchimbwa upande huo yana chumvi na magadi. Sabuni isipotoa povu na ikaacha ukoko mweupe juu ya maji, imekwisha nguvu kabla ya kufika kwa mdudu. Kwa pampu hiyo tumia maji ya mvua. Na ukiona utando mweupe juu ya matuta kiangazi, peleka sampuli ya maji na ya udongo kwenye maabara ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, huko Kabete. Udongo uchote sehemu kumi tofauti, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, upeleke kama kilo moja.

Kabla hujapuliza chochote, pindua majani matano. Ukiona vidukari waliovimba, rangi ya kahawia, wameganda kama mbegu, usipulize tuta hilo. Wametagwa ndani na nyigu wadogo mno, na kila ganda litatoa nyigu mwingine wa kuwinda. Dawa yako ya Jumamosi ilikuwa ikiwaua hao kwanza, na ndiyo maana wiki hizi za mwanzo zimekuwa ngumu: vidukari wamerudi, wawindaji wao bado. Acha dania chache zitoe maua kwa ajili ya nyigu hao.

Matundu ni kesi nyingine, ni ya viwavi. Agroveti huuza dawa ya bakteria iitwayo Bacillus thuringiensis, inayokubalika katika kilimo hai. Hakikisha kifurushi kina namba ya usajili ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Viuadudu, PCPB. Kiwavi lazima aile, na jua huiharibu, kwa hivyo puliza jioni viwavi wakiwa bado wadogo. Ukiwangoja wawe wanene umechelewa. Na mteja anayedhani tundu ni ushahidi wa usafi mweleze ukweli: jani linaweza kutobolewa Jumatatu na kupuliziwa Jumanne.

Jirani yako wa mkondo halimi organiki. Majitaka ya mji yanaweza kuwa na mayai ya minyoo, vijidudu vya kipindupindu na taifodi, na metali kama risasi na kadimiamu kutoka viwandani na kwenye gereji. Mboga inanawiri kwa sababu majitaka ni mbolea. Minyoo utaishinda kwa kuosha na kupika, lakini metali iliyokwisha kupanda ndani ya jani haitoki kwa maji wala kwa moto. Mboji yote ya dunia haibadilishi hilo. Usichukue mboga kwake kujazia mashada yako siku ukipungukiwa.

Kibao chako kisiandikwe "organiki" kwa sasa. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkulima mdogo si lazima alipie mkaguzi peke yake. Kuna mfumo wa wakulima kujiunga kikundi, wakakaguana mashamba na kuthibitishiana, na mtandao wa kilimo hai wa Kenya, KOAN, ulio hapa Nairobi, huwaelekeza wanaotaka kuanza. Tafuta majirani watano wenye nia. Wakati huo andika kwenye kibao kile unachoweza kukithibitisha: "Sukuma hii haijapuliziwa dawa ya viwandani tangu," kisha tarehe. Weka daftari lenye siku uliyopanda, ulichoweka, ulichopuliza na ulichovuna kila tuta. Kikundi kitakudai daftari hilo, na yule mama mwenye mtoto unaweza kumfungulia alione.

Bei usiipandishe bado. Mashada yenye mabaka yauze kwa bei ya kawaida au uyapunguze kidogo.

Na Baba Shiro hajakosea kuhofia karo. Huna haja ya kugeuza matuta yote 12 kwa mpigo. Anza na manne yaliyo mbali na ua wa jirani anayepuliza, uyape mboji ya kwanza. Yale manane yaendelee na CAN kiasi, kiganja kimoja kwa mimea sita hivi, na dawa ikilazimika iwe ya siku chache za kusubiri, tuta lililopuliziwa liwekewe kigingi chekundu na lisichumwe hadi siku zitimie. Pampu ya sabuni iwe ya sabuni peke yake. Mashada ya makundi hayo mawili ya matuta usiyachanganye kwenye beseni moja. Mboji ya pili ikiiva, hamisha manne mengine. Yale ya kwanza usirudishie sukuma wala kabichi msimu unaofuata, weka maharagwe au vitunguu, kisha uhesabu na Baba Shiro mashada na gharama za kila upande kutoka kwenye daftari.

Bwana Shamba